Watu waliouzwa mwaka 1838: namna gani jamaa zao zilipatikana

Kwa miaka mingi neno moja lilisemwa juu ya watumwa wa Wapadri Wayezuiti wa Maryland, katika inchi ya Marekani: ya kwamba waliuzwa mwaka 1838, wakapelekwa kusini mpaka Louisiana, na kule homa ikawamaliza wote. Neno hilo ni fupi, tena linatuliza moyo wa mwenye deni, kwani watu waliokufa wote hawaachi mjukuu wa kuja kuuliza habari. Hata mwaka 2015, bwana Richard Cellini, aliyesoma zamani katika Universite ya Georgetown, alipouliza habari za watu hao alijibiwa vile vile. Yeye hakusadiki. Watu zaidi ya mia mbili, wanaume na wanawake na watoto wachanga, wafe wote pasipo kuacha hata mzao mmoja? Alitafuta katika Intaneti, na kwa muda mfupi alikuta maandiko ya mwanamke mmoja aliye mzao wao.

Tunataka kueleza ginsi jambo hilo lilivyowezekana. Siku hizi watu wengi, hata vijana wetu wenye telefone, wanatafuta majina ya babu zao kwa Intaneti, na wengine wanafikiri mashini inajua. Mashini haijui kitu. Inaweza tu kuleta mbele ya macho yetu, kwa dakika moja, maandiko yanayokaa katika nyumba mbalimbali, mbali sana moja na nyingine. Kama hakuna mtu aliyeandika zamani, mashini itanyamaza. Na katika habari hii walioandika walikuwa hasa mapadri: kwanza walipobatiza, kiisha walipouza.

Wayezuiti walifika Maryland mwaka 1634, pamoja na Waingereza wa kwanza waliokuja kukaa kule. Walipata mashamba makubwa: St. Inigoes, Newtown, St. Thomas Manor, White Marsh, na mengine. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na fedha yake ililisha mapadri na kazi zao. Mwaka 1789 John Carroll, aliyekuwa Myezuiti mbele ya kuwa askofu wa kwanza wa Marekani, alianzisha koleji ya Georgetown. Watumwa wale walikuwa Wakristu. Walibatizwa na mapadri wenyewe, wakaoa mbele ya padri, wakasali katika kanisa moja na mabwana wao.

Nyuma ya mwaka 1830 mashamba hayakuleta faida tena ya kutosha, na koleji ilikuwa na deni. Mapadri walibishana wao kwa wao. Wengine walitaka kuwapa watumwa uhuru, wengine walitaka kubaki nao, wengine walitaka kuuza. Mwaka 1836 Superiori Mkubwa wa Wayezuiti katika Roma, Padri Jan Roothaan, alitoa ruhusa ya kuuza, lakini kwa masharti: jamaa zisitengwe, watu wale waweze kushika dini yao, na fedha isitumiwe kulipa deni, bali isaidie malezi ya vijana wa shirika. Sisi waseminari tusipite upesi juu ya sharti hilo la tatu. Fedha ya watu hao ilikusudiwa kulea vijana wanaojitayarisha kuwa mapadri.

Tarehe 19 Yuni 1838 Provinsyali Thomas Mulledy alitia sahihi. Watu 272, kwa dolari 115.000. Wanunuzi walikuwa wawili: Henry Johnson, aliyepata kuwa gavana wa Louisiana, na Jesse Batey. Walianza kwa kulipa dolari 25.000, na dolari 17.000 za fedha hiyo zilikwenda kulipa deni la koleji. Basi sharti la fedha lilivunjwa mara moja. Na sharti la jamaa lilivunjwa pia, kwa sababu mume aliweza kuwa mtumwa wa mapadri na mke mtumwa wa jirani, tena wengine walikimbia siku ya kuchukuliwa. Mulledy aliitwa Roma, akaacha kazi yake, akapelekwa kukaa Nice kwa muda. Tarehe 3 Desemba 1839 Baba Mtakatifu Gregori XVI alitoa barua yake In supremo apostolatus, akikataza biashara ya watumwa. Meli zilikuwa zimekwisha kufika Louisiana.

Moja ya meli hizo, jina lake Katharine Jackson, iliondoka Alexandria tarehe 13 Novemba 1838 ikafika New Orleans tarehe 6 Desemba. Hapa kuna jambo linalofaa kuangaliwa na kila mtu anayetafuta ukoo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1807, iliyokataza kuingiza watumwa kutoka Afrika, iliamuru pia kwamba kila meli inayochukua watumwa kutoka bandari moja ya Marekani mpaka nyingine iwe na orodha yao: jina, mwanaume ao mwanamke, miaka, na urefu wa mwili. Serikali ilitaka tu kuzuia udanganyifu wa wafanyabiashara. Wala haikufikiri juu ya vitukuu. Lakini leo kitukuu anafungua ordinatere na kusoma urefu wa babu yake kwa futi na inchi.

Karatasi ya mauzo yenyewe inapita orodha ya meli. Waliitunga kwa jamaa. Inaanza na Isaac, mtu wa miaka 65, kiisha Charles mtoto wake wa kwanza, miaka 40, kiisha Nelly binti yake, miaka 38, na kuendelea vivyo hivyo. Nani baba, nani mtoto, nani mjukuu. Watumwa wengi wa Marekani hawana karatasi kama hiyo. Wanunuzi walitaka kujua mali yao, na mapadri walijua jamaa zile kwa majina kwa sababu walikuwa wachungaji wao. Ni habari ya kuhuzunisha, lakini ndivyo ilivyo: mkono ule ule ulioandika kitabu cha ubatizo uliweza kuandika karatasi ya bei.

Karatasi hizo hazikufichwa. Zilitunzwa katika akiba ya maandiko ya Provinsi ya Maryland, katika nyumba ya vitabu ya Georgetown, na wenye elimu ya historia walizisoma. Katika miaka ya 1990 walimu na wanafunzi wa Georgetown walianza hata kuzitia nyingine katika Intaneti. Basi upande wa Maryland ulikuwa wazi. Uliokosekana ni upande wa Louisiana. Watu walishuka melini wakapotea machoni.

Kwa nini walipotea? Wanaotafuta koo za watu weusi wa Marekani wanajua vizuri ukuta wa mwaka 1870. Serikali ya Marekani huhesabu watu kila miaka kumi, na vitabu vya hesabu hizo za zamani vinapatikana katika Intaneti, picha kwa picha. Lakini katika hesabu ya 1850 na ya 1860 watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao bila majina yao wenyewe: mwanaume mweusi, miaka 30, mwanamke mweusi, miaka 25. Mwaka 1870, nyuma ya vita na uhuru, wote waliandikwa kwa majina kwa mara ya kwanza. Mtafutaji anapanda kutoka kwake mpaka kwa baba, babu, na baba wa babu, mpaka 1870, na pale anagonga ukuta. Kupita ukuta ule lazima apate jina la bwana aliyekuwa na mtumwa, maana kwa upande wa pili majina yanakaa katika makaratasi ya bwana.

Njia iliyofuatwa ilikuwa hii. Tangu mwaka 2004 yule mwanamke tuliyemtaja, mwenye asili ya Louisiana, akisaidiwa na mtaalamu mmoja wa mambo ya koo aliyekaa kule kule, alikuwa amefika kwa wazee wake Nace na Biby Butler, akaona kwamba waliuzwa na Wayezuiti. Aliandika habari hiyo pahali pa wazi katika Intaneti, na hapo ndipo Cellini alipoikuta. Akaanzisha kazi aliyoiita Georgetown Memory Project, akakusanya fedha, akaajiri wataalamu wa koo. Hawakuanza tena na mtu mmoja anayepanda juu. Walianza na orodha ya 1838 wakashuka, jamaa kwa jamaa.

Mashamba ya Louisiana yaliuzwa tena na tena, ao yakawekwa rehani, na kila mara karani alihesabu mali yote: ngombe, mashini za sukari, watu. Hesabu hizo zinakaa katika nyumba za hukumu. Jina la Cornelius moja pekee halionyeshi kitu, maana kina Cornelius ni wengi. Lakini ukikuta katika hesabu moja majina sita ao saba yale yale ya orodha ya 1838, na miaka yao imeongezeka sawasawa na muda uliopita, basi umekuta jamaa yenyewe. Hapa ordinatere inasaidia kweli. Mtu angetumia mwaka mzima kulinganisha majina mia mbili na karatasi elfu. Mashini inafanya kabla ya chakula cha mchana.

Tuchukue Cornelius Hawkins. Katika orodha ya mauzo alikuwa kijana wa miaka 13. Wakamfuata katika hesabu za mashamba mpaka uhuru. Nyuma ya uhuru ndoa yake ilibarikiwa na padri. Mwaka 1870 yumo katika hesabu ya watu, mtu huru, mfanyakazi wa shamba, mwenye mke na watoto. Alikufa 1902, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Maringouin. Katika mji ule ule mdogo wazao wake walikuwa wakisali, na walijua jina lake, lakini hawakujua alitoka wapi wala nani alimwuza. Wengi wao walikuwa Wakatoliki tangu kizazi na kizazi. Tufikiri kidogo ginsi mtu alivyosikia siku ile alipopigiwa telefone na mgeni, akaambiwa kwamba baba wa babu yake aliuzwa na mapadri.

Tena kulikuwa ushahidi uliotosha kuvunja lile neno la homa bila ordinatere yoyote. Mwaka 1848 Padri James Van de Velde, Myezuiti mzaliwa wa Lebbeke katika inchi ya Ubelgiji, aliyekuja kuwa Askofu wa Chicago, aliwatembelea watu wale kule Louisiana. Aliwaandikia Wayezuiti wa Maryland kwamba Wakristu hao hawana kanisa karibu, na watoto wao wanakua bila mafundisho. Akaomba msaada wa kuwajengea. Barua yake ilibaki katika makaratasi ya Wayezuiti wenyewe. Miaka kumi nyuma ya mauzo watu walikuwa wazima na walizaa watoto. Barua ilikuwa inalala sandukuni, na neno la uongo lilikuwa linatembea.

Sasa kidogo juu ya vyombo. Programu za ukoo ni nyingi. Nyingine za kulipia, nyingine, kama Gramps, za bure. Zote hufanya kazi moja: kila mtu ana karatasi yake, na karatasi zinafungwa pamoja kwa ubatizo, ndoa na kifo. Tangu mwaka 1984 kuna namna moja ya kuandika inayoitwa GEDCOM, kusudi kazi ya programu moja isomwe na nyingine. Kuna pia ufundi wa kutafuta jina kwa sauti yake. Ufundi unaoitwa Soundex ulivumbuliwa Marekani zamani, mwaka 1918: Hawkins na Haukins yote yanapata alama moja, H252. Jambo hilo ni la lazima pahali ambapo padri Mfaransa aliandika jina la Kiingereza ginsi sikio lake lilivyosikia. Sisi tunaojua Mbuyu na Mbuyi, Kaozi na Kaoze, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Wengine wanapima mate yao kusudi kujua ndugu wa damu. Kipimo kinaweza kusema kwamba watu wawili wana babu mmoja, na kwa watoto wa ndugu, damu wanayoshiriki ni kadiri ya sehemu moja juu ya nane. Lakini kwa ndugu wa mbali sehemu hiyo inapungua mpaka chini ya moja juu ya mia, na kipimo hakisemi jina la babu. Jina linabaki katika karatasi.

Na hatari ipo. Katika Intaneti mtu mmoja anaandika kwamba Nace fulani ni baba ya fulani, bila kuonyesha karatasi. Watu hamsini wanaiga. Nyuma ya mwaka mmoja anayekuja kutafuta anaona mashahidi hamsini na mmoja. Kumbe shahidi ni mmoja tu, naye hakuona kitu. Mwanafunzi wa historia ya Eklezya anajua ugonjwa huo, maana masimulizi ya watakatifu fulani yaliharibika kwa njia ile ile mbele ya mashini yoyote. Dawa ni kutaka picha ya ukurasa wenyewe.

Matunda ya kazi ile yalikuwa makubwa. Mwezi wa Februari 2016 Georgetown ilifungua maandiko yake katika Intaneti kwa watu wote. Maelfu ya wazao walijulikana, wazima na waliokufa. Tarehe 18 Aprili 2017 wazao walikusanyika Georgetown, na Padri Tim Kesicki, mkubwa wa muungano wa Wayezuiti wa Marekani na Kanada, aliungama mbele yao kwamba shirika lilitenda dhambi, akaomba musamaha. Siku ile nyumba iliyopata kuitwa kwa jina la Mulledy ilipewa jina la Isaac Hawkins, yule mzee wa miaka 65 aliye wa kwanza katika orodha. Mwaka 2021 Wayezuiti na wakubwa wa wazao walianzisha mfuko, wakitaka kukusanya dolari milioni 100. Wazao wengine wanasema ni kidogo, wengine wanasema walitengwa katika mashauri. Ni haki yao kusema, maana wanasema juu ya wazee wao wenyewe.

Tugeukie vitabu vyetu. Konsilyo ya Trento mwaka 1563 iliamuru maparoko kuandika ndoa na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Haikuwaza juu ya ukoo. Ilitaka kuzuia ndoa zisizo halali. Sheria za Eklezya za 1983 zinaendelea vile vile: kanuni 877 inataka jina la aliyebatiza, la wazazi, la wasimamizi, pahali na siku. Kanuni 535 inaagiza vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Katika inchi yetu, ambamo watu wengi hawakuandikwa na Serikali, kitabu cha parokia mara nyingi ndicho karatasi pekee ya mtu.

Kuna shauri moja lisilo jepesi. FamilySearch, akiba kubwa kupita nyingine ya picha za vitabu vya ukoo katika Intaneti, iliyo ya bure, ni mali ya dini ya Wamormoni, ambao hubatiza mtu mzima kwa ajili ya waliokufa. Kwa sababu hiyo tarehe 5 Aprili 2008 ofisi ya Roma inayoangalia mambo ya mapadri iliomba maaskofu wasitoe vitabu vya parokia kwa ajili ya kazi hiyo. Amri ni wazi, nasi tunaishika. Lakini ikishikwa na paroko asiyefanya kazi nyingine badala yake, basi mchwa na mvua ndio watakaosoma kitabu. Dayosezi inaweza kupiga picha za vitabu vyake yenyewe, na kuziweka pahali pawili: katika ofisi ya askofu, na mbali na pale. Vita vilivyopita katika Kivu vimetufundisha kwamba misyoni moja inaweza kuungua kwa usiku mmoja.

Na sisi tuna watu wetu wa kutafutwa. Kando ya ziwa Tanganyika, katika Kibanga na Mpala na Karema, Wapadri Weupe walikomboa watoto wengi mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, wakawalea, wakawabatiza, wakawaozesha. Kardinali Lavigerie aliagiza kila misyoni iandike kila siku habari zake, na madaftari hayo ya siku kwa siku yanatunzwa mpaka leo. Watoto wale hawakuuzwa na mapadri, walinunuliwa ili wawe huru, tusichanganye mambo. Lakini mjukuu wao anayeuliza kijiji cha bibi yake yuko mbele ya ukuta kama mtu wa Louisiana. Katika vitabu vya namna hiyo hukutwa maneno parentibus ignotis, kiisha jina la Kikristu, kiisha tarehe. Pengine pembeni padri aliongeza kwa wino mwembamba jina la kabila, ao la mto, ao la mtu aliyemleta. Anayepiga picha ya ukurasa asikate pembe.